Sikio la Mjomba na Mirija ya Gizani

12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana mwandiko wangu umeharibika na mtu aliyesimama hatausoma. Mimi mzima. Nimenenepa mashavu na kukonda akili, ndivyo masomo haya yanavyomfanya mtu. Mama amenieleza kwamba nyumbani wote hamjambo, kwamba mkaza mjomba amepaka sebule rangi ya kijani, kwamba wewe ulisema sasa inafanana na zahanati, na kwamba tangu hapo unajipakulia chakula mwenyewe. Yeye mpe pole. Wewe jipakulie tu.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulipiga kelele "Sema! Sema!" mpaka salio langu likaisha, na sikuwa nimesema neno. Grenda zako za kukatia chuma zimekumaliza masikio. Kwa hiyo tuandikiane, kama watu wa heshima.

Siku naondoka uliniuliza nakwenda kusomea nini hasa. Nikasema kemia. Ukasema, "Kemia ipi, ya sabuni?" Nikanuna safari nzima. Leo nakujibu.

Ndani ya kila chembe ya mwili wako mna uzi mwembamba uliosokotwa kama ngazi ya kamba. Unaitwa DNA, nao ndio wenye maelekezo yote: pua iwe hivi, upara uanze lini. Mimi natengeneza kitu kidogo mno, katikati kina metali iitwayo rutheni, pembeni kina mabawa matatu bapa. Bawa moja linajipenyeza kati ya vipandio viwili vya ngazi, likabanwa hapo kama karatasi iliyosahauliwa kitabuni. Gizani kinatulia, hakimgusi mtu. Ukikimulika kwa mwanga wa buluu kinapandwa na wazimu, kinanyofoa elektroni kwenye ngazi, na ngazi inaanza kuoza na kukatika. Wataalamu wanasema imeoksidishwa. Wewe ungesema imeshika kutu, na sitakubishia, kutu unaijua kuliko mimi.

Juzi nimeona kwa macho yangu DNA ikikatika chini ya taa yangu. Msimamizi wangu alisema "si mbaya", na kwa mama yule hivyo ni vigelegele. Sasa fikiria, Mjomba. Unampa mgonjwa wa saratani dawa, inalala mwilini kimya, kisha unamulika uvimbe peke yake. Panapomulikwa panaungua, kwingine salama. Hakuna kisu. Na anayeitengeneza dawa hiyo ni mpwa wako.

(Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Inapendeza. Naiacha.)

Naandika hapa hapa maabara. Kitu changu lazima kikae na DNA nusu saa ili kijishike vizuri, ndipo niigawe mirija, mingine niiweke kwenye taa ya buluu na mingine niifunge kwenye karatasi ya alumini nikaifiche gizani. Hiyo nusu saa sina kazi. Nimewasha taa ya meza, mirija imejipanga mbele yangu kama wanafunzi watiifu, nami nakuandikia.

Kile kidonda cha kwenye ncha ya sikio la kulia kimepona? Mama anasema ulikwenda kukionyesha. Usinijibu kwa utani.

Mpwa wako, mtengenezaji wa kisichokuwa sabuni


2 Februari

Profesa mtarajiwa,

Marahaba. Barua imefika na nimeisoma nimesimama, makusudi, kukukomoa. Huku hatujambo. Sebule bado ni ya kijani. Nimeanza kuizoea, ila usimwambie mwenye sebule.

Kazi ipo. Yule mteja wa geti la nakshi za maua anakuja kila Jumatatu kuuliza lini, na kila Jumatatu namwambia liko kwenye rangi. Chuma chenyewe sijanunua. Wewe unajua mambo yetu.

Barua yako nimewasomea mafundi. Nilizima mashine zote, nikapanda juu ya kreti, nikasoma kwa sauti hadi pale pa "anayeitengeneza dawa hiyo ni mpwa wako". Hapo nikarudia. Fundi wa rangi aliuliza kama taa hiyo inaotesha nywele. Nimemwambia kwanza tumalize saratani.

Sasa sikio. Umesema nisijibu kwa utani, basi nitajaribu. Daktari alinyofoa kinyama kidogo akakipeleka kupimwa, nacho kimerudi na jina. Ni hiyo hiyo saratani, ya ngozi. Anasema ni jua na miali ya kuchomelea ya miaka yote hiyo, maana kinyago changu kilikuwa kinafunika uso na masikio nimeyaacha nje kama vishikio vya sufuria. Anataka akate ncha, robo ya sikio hivi, kazi iishe. Tarehe tisa mwezi wa tatu.

Utaniuliza, mtu mzima analilia sikio lisilosikia? Maana ndilo lile la kulia, lililokufa zamani, limebaki la pambo. Lakini ni langu, Profesa. Mimi nina sura, mama yako hajakuambia tu kwa sababu ya wivu wa dada. Nikiondolewa robo, kofia itakaa upande na watu watadhani nimelewa.

Kwa hiyo nauliza swali la kitaalamu, unijibu kitaalamu. Hiyo taa yako inafika sikioni?

Mjomba wako, bado mwenye masikio mawili


21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za kwenda maabara nikakaa hapo hapo, watu wakawa wananiruka. Pole sana. Nakuombea, na wenzangu wa meza za jirani ambao hawakujui wanakupa pole pia. Mimi mzima wa mwili. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo jingine, na kwenye ukuta huo mtu ameandika kwa chokaa "Usikate tamaa". Nayatazama maneno hayo kila asubuhi nikinywa chai, halafu nakwenda kukata tamaa kazini.

Swali lako. Tarehe tisa nenda, Mjomba. Daktari akisema tarehe tisa ni tarehe tisa.

Ila kwa kuwa umeniuliza kitaalamu, siwezi kukudanganya kwamba hujauliza jambo la maana. Sikio ni mahali pazuri mno kwa mwanga. Liko nje, ni jembamba, unaweza kulimulika mbele na nyuma. Tatizo kubwa la taa ni kwamba mwanga haufiki ndani ya mwili, na wewe ugonjwa umeuvaa nje kabisa. Ningeambiwa nichague kiungo cha kuanzia, ningechagua sikio.

Kwa sasa sisi bado tuko kwenye mirija, lakini mambo yanakwenda kasi. Msimamizi ameniambia niandae maelezo ya kazi yangu mbele ya idara nzima. Kuna ile mirija ya gizani inayonisumbua kidogo, ni mambo ya kitaalamu, yatakaa sawa.

Naandika tena mezani, taa imewaka, mirija inasubiri. Nimeshazoea. Nusu saa ya kujishika ndiyo nusu saa ya Mjomba.

Nenda tarehe tisa. Nimeshasema.

Mpwa wako anayekupenda


17 Machi

Profesa,

Marahaba, na pole na chokaa ya ukutani. Hapa wote wazima. Geti la maua nimenunua chuma chake, kwa hiyo sasa ni kweli nusu.

Tarehe tisa imekuja imepita na sikio ninalo. Nilikwenda, usiseme sikwenda. Nilikaa mbele ya daktari nikamwambia kwa adabu kwamba asihangaike, mpwa wangu yuko chuo kikuu anamalizia dawa ya mwanga, na kwamba mwenyewe amesema sikio ndicho kiungo ambacho angechagua. Nilikuwa na barua mfukoni, nikamsomea. Akaniuliza ni hospitali gani. Nikasema si hospitali, ni maabara. Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaotaka mlango wa chuma mwepesi kama pazia. Akaandika kitu, akasema nikibadili mawazo nirudi upesi.

Mkaza mjomba wako anajua hospitali ndiyo iliyoahirisha. Hiyo ni siri yetu, wewe na mimi.

Chini ya taya upande ule ule pametokea kitu kidogo, mfano wa nati ya namba nane. Hakiumi. Nakigusa nikiwa nafikiri.

Habari njema ni kwamba nimeanza kuchomelea stendi ya taa. Ina miguu mitatu na shingo ya kupinda, inainama mpaka sikioni bila mtu kushika. Ukija na dawa tusihangaike kutafuta vifaa. Mafundi wanasema ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na mimi nakubaliana nao.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mkaza mjomba yuko karibu nawe unaposoma. Leo sina salamu ndefu wala utani, na ukiona utani umeponyoka humu ujue ni woga.

Sina dawa. Sijawahi kuwa na dawa. Nina mirija midogo kuliko kidole chako cha mwisho, na DNA iliyomo si ya mtu, ni ya bakteria, tunainunua imekaushwa kwenye kichupa. Kitu changu hakijawahi kumwona mgonjwa. Hakijamwona hata panya. Kila kitu kikienda sawa, na hakuna kinachokwenda sawa, mtu mwingine kabisa anaweza kuja kutengeneza dawa kutokana na vitu vya namna hii nikiwa mimi nimeota mvi. Dawa za mwanga zipo hospitali, za watu wengine, za aina nyingine. Daktari wako anazijua, na kama ingekufaa mojawapo angekupa. Amesema kisu. Ni kisu.

Tena kuna jingine. Ile mirija ya gizani niliyosema inanisumbua kidogo hainisumbui kidogo. DNA yake inakatika sawasawa na ile iliyomulikwa. Maana yake kitu changu hakingoji mwanga, kinaua tu, na kitu kinachoua tu kinaitwa sumu. Nilipokuandikia Februari nilikwisha kuliona hilo. Nilikuwa nimetoka kulia chooni. Halafu nikaosha uso, nikakaa, nikakuandikia kwamba mambo yanakwenda kasi, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa anasoma kazi yangu juu ya kreti, na sikutaka ushuke.

Kuna jambo moja la ajabu nimejifunza hapa, na hili ni la kweli, wala si langu. Kitu hiki kikishika ngazi na kunyofoa elektroni, mara nyingi pale kiliposhika hapaharibiki. Pengo lililobaki linarukaruka kutoka kipandio hadi kipandio, linakwenda mbali, mpaka likute mahali dhaifu. Kwenye DNA mahali hapo ni penye vipande viwili viitwavyo guanini vimefuatana, na hapo ndipo panapooza. Nilikuwa naliona ni jambo zuri sana la kufundishia. Nikajisifu hapa mezani, nikajifurahisha, mimi sikuungua popote. Kumbe pengo limesafiri mpaka kwako.

Hiyo nati chini ya taya si ya kugusa ukifikiri. Ni ya kuonyesha. Nimempigia simu mkaza mjomba kabla ya kuandika barua hii na nimemwambia yote, sikubakiza siri. Akasema "ahsante" na kukata.

Kasirika, Mjomba. Una haki. Ila ukakasirike ukiwa hospitali.

Mpwa wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimemuuliza Mama, akasema "anaendelea" kisha akaanza kunieleza bei ya mkaa. Mkaza mjomba hapokei simu. Sijui unaendelea na nini.

Naandika hata kama hutaki, kwa sababu yamenipata ya kunipata na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumfurahisha nayo.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa mezani najaribu kukuandikia. Mirija imepangwa mbele yangu, nusu saa ya kujishika, taa ya meza imewaka. Msimamizi akapita.

"Unafanya nini?"

"Namwandikia mjomba wangu."

"Kwa taa hiyo?"

"Ndiyo, nisipowasha sioni vizuri."

Akaitazama taa. Akaitazama mirija. Ni taa nyeupe ya kawaida, Mjomba, ila ndani ya weupe wake mna buluu tele. "Na hii utakayoifunga gizani," akasema, "kila siku huwa inakaa hapa kwanza?"

Mama yule simjui kwa kicheko. Alivuta stuli akakaa, akacheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu miezi.

Basi hiyo ndiyo sumu yangu. Nilikuwa naimulika mirija ya gizani mimi mwenyewe, nusu saa nzima, ili nipate mwanga wa kukuandikia jinsi inavyokaa gizani. Halafu naifunga kwenye alumini kwa uangalifu mkubwa, ikiwa tayari imekwisha kuungua. Katika maabara nzima hakuna mtu mwingine angeweza kukosea hivyo, kwa sababu hakuna mwenye mjomba wa kuandikiwa barua.

Sikuandikii hili ili useme dawa ipo. Hakuna dawa. Kuna mirija, na mwenye mirija ni mjinga. Sasa nachanganya kila kitu kwenye chumba cha taa nyekundu, isiyo na buluu, lakini alumini inachanika, droo ninamoifichia mirija inavuja mwanga, na wenzangu wanaifungua kutafuta kalamu.

Niambie kama uko mzima. Neno moja tu linatosha, hata la matusi.

Mpwa wako


11 Juni

Profesa,

Marahaba. Hamjambo huko? Huku wote wapo, isipokuwa sikio.

Mkaza mjomba wako alipoweka simu chini siku ile hakugomba. Ningependa angegomba. Alivaa viatu, akanishika mkono, akanipeleka hospitali kama mtu anayerudisha mzigo dukani. Walinipasua katikati ya Aprili. Hawakukata robo, wamekata lote, na shingoni wametoa tezi. Ile nati ilikuwa na ugonjwa, nyingine walizotoa zilikuwa safi. Sasa napigwa mionzi, na koo limekauka hata maji yananikwaruza. Daktari hakunificha. Alisema ningekuja tarehe tisa Machi ingekuwa ncha tu. Nimeliandika hilo kwa sababu ungeliwaza hata nisipoliandika.

Nilikukasirikia, ndiyo. Si kwa dawa, kwa kunichongea kwa mke wangu. Nililala nimetazama ukuta wa kijani nikipanga maneno makali ya kukuandikia, na yalikuwa mazuri. Halafu ikaja ile barua ya taa ya meza. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma na mkaza mjomba wako akaja mbio. Maneno makali yote yakanipotea.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimeona wewe umesema lako ukalibeba peke yako kama umeajiriwa.

Mimi nilijua. Tangu ile barua ya kwanza. Mtu aliyewaambia wateja kwa miaka yote hii kwamba geti liko kwenye rangi, na chuma bado kiko dukani, anaijua sauti hiyo akiisikia, hata kwa sikio bovu. Nilipokuwa juu ya kreti nikisoma "anayeitengeneza dawa hiyo ni mpwa wako", nilisema moyoni, ahaa, hii iko kwenye rangi. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Na ile habari ya sura na kofia ni porojo. Niliogopa, mpwa wangu. Mikono yangu yote ina makovu ya moto na sijawahi kulia, lakini nilipoambiwa nitalazwa usingizi kisha nikatwe, nilianza kuutazama mlango. Niliona nitalala nisiamke. Nikawa natafuta mahali pa kujificha, na barua yako ikaja na mlango umefunguliwa. Uongo ulikuwa wako, sawa. Maficho niliyachagua mimi. Kwa hiyo usijipe cheo chote.

Nimekutumia kasha. Ukilipokea usilibebe peke yako, ni chuma. Nililichomelea siku nilizokuwa na nguvu kidogo, mkaza mjomba wako amekaa mlangoni na kiti ananilinda nisichoke, na kofia ya kuchomelea safari hii inafunika hadi shingo. Ile stendi ya taa nimeikata. Bawaba za kasha ndiyo ile shingo yake ya kupinda. Nilipomaliza nilifunga milango ya karakana, nikawasha tochi, nikaiweka ndani, nikafunika, nikakaa gizani kuangalia. Kona moja ilivuja mwanga mwembamba kama uzi. Nikaiziba. Nikaangalia tena, hakikuvuja kitu. Nimeliweka komeo ili wa kalamu wasifungue.

Limechelewa kwa sababu lilikuwa kwenye rangi. Kweli kabisa, nyeusi, ndani na nje.

Mjomba wako, upande wa kushoto


9 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na koo, pole na mshono, na mwambie mkaza mjomba kwamba sebule ya kijani nitakuja kuisifu kwa mdomo wangu, nimemkosea hata kwa hilo.

Kasha limefika. Karani wa posta alilitikisa akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia hamna kitu, mna giza. Akanitaka nifungue. Nikafungua, akachungulia, akaona kweli, akagonga muhuri. Tulilibeba watu wawili kushuka nalo maabara, na msimamizi alilizunguka kama anayetaka kulinunua.

Jaribio nimelirudia mpaka nikaridhika, halafu nikalirudia kwa sababu sijiamini tena. Mirija ya kwenye taa, DNA imekatika. Mirija ya ndani ya kasha, nzima. Kwenye jeli, tunapoipitisha DNA kuona kama imekatika, mstari wake umesimama peke yake, safi, haujaguswa. Kitu changu kweli kinangoja mwanga, Mjomba. Si dawa. Ni jambo moja dogo ambalo sasa ni la kweli, na ndilo la kwanza la kweli nililolipata tangu nifike hapa. Msimamizi alisema "nzuri". Hakuanza na "si".

Nililia juu ya kasha lako kisha nikalikausha haraka, nikiogopa kutu.

Nakuja. Nimeomba ruhusa mwanzoni mwa Agosti. Nitakaa upande wako wa kushoto, nitazima mashine, nitapanda kwenye kreti ile ile na kuwaambia mafundi wote kwamba sina dawa na sikuwahi kuwa nayo. Umesema nisijipe cheo chote. Sawa. Nipe changu, nikibebe.

Mpwa wako


20 Julai

Profesa,

Marahaba. Mionzi imekwisha. Nimekonda, suruali zinazunguka. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema sebule haihitaji sifa, inahitaji mtu wa kupaka mkono wa pili wa rangi.

Mafundi wameniuliza dawa ya Profesa imefikia wapi. Nikawaambia iko kwenye rangi. Waliangua kicheko, maana wote ni mafundi, wanajua maana yake tangu siku ya kwanza. Walikuwa wananisikiliza pale kwenye kreti wakinihurumia, na mimi nikidhani nawaringia. Kwa hiyo hotuba yako haina kazi, ila kreti tutakuwekea, ukipenda.

Kipimo cha kuangalia kama ugonjwa umebaki ni tarehe sita Agosti. Hicho nakiogopa kuliko kisu, na safari hii sina pa kujificha, wala sitaki. Njoo kabla ya hapo. Usilete dawa. Njoo unishike mkono kwenye ile korido, na ukikaa, kaa kushoto, nisikie ukipumua.

Mjomba wako